Uliyetulaza kwenye njia ya maji na watoto kule Msimbati, nirudishie hela yangu

Wakuu habari. Leo siku ya 12 na bado nikikumbuka nachemka, mnisamehe nikiandika hovyo.

Mimi na mama watoto tuliwaahidi madogo (miaka 8, 5 na 2) tutalala ufukweni Msimbati, tukapata jamaa ana kambi pale, 180,000 mahema mawili, magodoro, choo, maji ya kuogea na mlinzi wa usiku, nikamtumia yote kwenye simu kabla hatujatoka Mtwara mjini maana alisema ukilipa nusu nafasi anapewa mwingine. Kwenye tangazo anaringa kambi iko ndani ya hifadhi ya bahari utadhani kaianzisha yeye, wakati ile ipo tangu 2000.

Ijumaa tumefika saa mbili usiku, gari ilitusumbua kule Madimba. Bahari imekupwa iko huuuko, mbalamwezi unaona mpaka kaa wanavyokimbia, watoto raha tupu. Mahema yameshafungwa, sio juu kwenye mivinje, chini kabisa mchangani eti picha zinatoka vizuri. Nakanyaga naona mchanga una unyevu, nauliza vipi hapa, mwenye kambi ananijibu "umande huo bosi". Umande saa mbili usiku! Na mimi nikakubali, hapo najilaumu kweli, ila mimi kwetu Tandahimba, nimekulia kwenye korosho, bahari nimeijulia ukubwani ndio maana nikamlipa mtu anayeijua.

Saa kumi kasoro alfajiri nasikia mama watoto ananiita toka hema la pili, anasema dogo kakojoa godoro zima. Nafungua zipu niende nikamsaidie, mguu wa kwanza nje naukanyagia majini. Ndoo inaelea, kandambili zinaelea, wa kati analia, nikamtupia wa mwisho begani, mkubwa nikamvuta mkono, huku mama yao kambeba yule mwingine. Maji yalinifika magotini. Mtasema magotini tu, haya, mtoto wa miaka 2 magoti yangu ni kifua chake! Mlinzi? Kalala kwao kijijini. Simu imekufa, unga, pampasi, mablanketi yote chumvi tupu, tukakaa kwenye gari tunatetemeka mpaka kunakucha.

Asubuhi kapita babu mmoja na nyavu zake, tukamwamkia, akaangalia yale mahema akacheka kwanza. Halafu akanionyesha mstari wa mwani mkavu juu kule karibu na mizizi ya mivinje, ndipo maji yanapofika. Akasema mjukuu wangu, huu mwezi mpevu, bamvua hii, siku za maji kujaa kupita kawaida, hapa yanajaa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, hata watoto wa hapa wanajua. Yaani huku bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa ni zaidi ya mita 3, na inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, sio tsunami kwamba imekuja ghafla. Ningefika saa kumi jioni ningeyaona mwenyewe pale pale pa kulala!

Sasa nampigia mwenye kambi anarudishaje hela, ananiambia "bosi kazi ya Mungu hiyo, bahari nani anaipangia". Mungu kaipangia, na ratiba katoa, wewe ndio hukuangalia, au uliangalia ukaona picha ni bora kuliko watoto wangu. Akaniambia atanitumia 20,000 ya vocha. Vocha ya simu gani, simu si umeiua? Nikakataa, toka siku hiyo kanibloki.

Jana shemeji kanirushia status ya huyo mwenye kambi. Picha ile ile, mahema pale pale mchangani, kaandika "Jumamosi hii wikiendi ya familia, watoto chini ya miaka 5 bure".

Wakuu, Jumamosi hii mwezi unaandama.