Ndege mgeni hapa Dunga, wavuvi wanasema furukombe (yule tai mla samaki) mimi nakataa. Nani anamjua?

Nahodha_Dunga
Habari za jioni wadau. Mimi niko Dunga beach hapa Kisumu, kazi yangu ni kubeba watu na mashua, wale wa kuona kiboko na wale wa picha za machweo, kwa hivyo ndege wa hapa nawajua kwa sura hata kama majina mengine sina. Sasa tangu mwisho wa Septemba kuna huyu mmoja ananisumbua akili. Anapenda kukaa juu ya nguzo za keji za samaki, tumbo jeupe pe, mgongo kahawia, halafu kuna mstari mweusi unaanzia mdomoni unapita kwa jicho mpaka shingoni ni kama amevaa miwani ya jua. Wazee wa beach wananiambia ati ni mtoto wa furukombe. Lakini furukombe nimewaona tangu nikiwa mdogo na huyu hafanyi kama wao, jana alisimama hewani akipiga mabawa pale pale juu ya maji, akatulia, kisha akajiachilia miguu mbele CHUBWI akazama wote tukabaki tunaangalia povu tu, akatoka na ngege (tilapia) wa kama robo kilo hivi, akajikung'uta maji akiwa bado angani akaenda zake.

Ni ndege gani huyu na anatoka wapi? Na kuna jamaa hapa anasema saa hizi kuna ndege adimu wa pwani wanasukumwa na upepo kutoka bahari mpaka ziwa letu la Victoria, ni ukweli ama ni story za jaba?

Mwalimu_Yala
Omera, uko sawa kukataa. Huyo ni osprei, ndege mwingine wa kuwinda anayekula samaki. Furukombe akivua huwa anapita chini anachota samaki na makucha juu ya maji bila kuzama, na mkubwa wake ana kichwa na kifua cheupe lakini tumbo ni la rangi ya kutu na mabawa meusi. Mtoto wa furukombe ndio huchanganya watu, yeye ana madoadoa ya kahawia na nyeupe ovyo ovyo, lakini mabawa yake ni mapana. Osprei mabawa ni marefu membamba na yamekunjika pale katikati, akipita juu yako unaona kama herufi M. Na hiyo ya kuzama miguu mbele ni yeye kabisa, kuna kidole chake kimoja cha mguu kinaweza kugeuka nyuma, anashika samaki na vidole viwili mbele viwili nyuma, na chini ya nyayo kuna vijimiiba, ndio maana ngege hata na ule utelezi wake hatoki.

Swali moja, akibeba samaki alikuwa amemshika vipi? Kichwa kimeangalia mbele ama amemning'iniza kando kando tu?

Nahodha_Dunga
Kichwa mbele mwalimu! Hata mteja wangu alicheka akasema samaki naye anasafiri kwa ndege.

Mwalimu_Yala
Basi kesi imeisha. Osprei humgeuza samaki akae sambamba na mwili wake ili upepo usimsumbue akiruka.

Kuhusu uadimu, si wa kila siku lakini pia si muujiza. Anatoka kule kaskazini, Ufini, Urusi na kwingine huko, ikifika huo msimu wao wa majani kuanguka anajua maji yataganda na samaki watafungiwa chini ya barafu, kwa hivyo anashuka. Huku kwetu anaanza kuonekana karibu Septemba na wengi wanarudi Machi Aprili. Wale wachanga wa mwaka huo huwa hawana haraka, mwaka wa kwanza wanabaki Afrika tu, kwa hivyo ukiona mmoja Julai usishangae.

fundi_wa_simu_Kondele
Hehe nyinyi watu, ndege atoke Ufini aje kula ngege Dunga kwani huko hakuna samaki?? Mnajuaje si huyu ni wa Homa Bay tu amevuka

Nax_Darubini
@fundi_wa_simu_Kondele cheka lakini hii imeshatokea hapo karibu na wewe. Januari 2022 kuna osprei alipatikana Siaya akiwa dhaifu hawezi kuruka, mguuni ana pete ya chuma imeandikwa Helsinki, Ufini. Karibu kilomita 7,000. Watu walijaribu kumsaidia lakini akafa, na habari yake ilienda mbali sana. Hiyo pete ndio inajibu swali lako la mnajuaje, ndege anavishwa akiwa bado kinda kwenye kiota, kila pete na namba yake, ikisomwa mahali pengine inajulikana ni nani na alizaliwa wapi. Siku hizi wengine wanafungwa kifaa cha setilaiti, 2022 hiyo hiyo kuna ndege mmoja wa ufukweni, godwiti, alitoka Alaska akaenda mpaka Tasmania kilomita 13,560 bila kutua hata mara moja, siku 11 hewani. Osprei ukilinganisha na huyo ni msafiri wa raha, njiani anasimama anavua anaendelea.

Nahodha, sasa kazi yako ni miguu. Angalia kama ana pete. Ukiona namba piga picha, hata herufi mbili tatu zinasaidia, upeleke Makumbusho ya Taifa Nairobi wao ndio wanashughulika na pete za ndege hapa nchini. Na tafadhali akipatikana amenaswa kwa nyavu msimvue hiyo pete akiwa hai.

Huku Nakuru pia tunawapata. Tangu ziwa lipande maji hata ile geti ya zamani ya hifadhi ikamezwa, chumvi imepungua, chakula cha flamingo kikapungua nao wakahama wengi, lakini samaki wakaongezeka na hawa wala samaki wakafurahi, mwari, mnandi, furukombe na huyo osprei wako. Wageni bado wanakuja wakiuliza flamingo wako wapi, tunawaonyesha mwari wananuna.

Samaki_na_Ugali
Hiyo ya ndege wa bahari naijibu mimi, nilifanya kazi Malindi kabla nirudi Kisumu. Usidanganywe nahodha. Kuna wale wanaokuja bahari na ziwa pia, vile vidogo vinatingisha mkia kwenye mawe hapo Hippo Point, hao wanatoka kaskazini moja kwa moja wanafuata matope, hawajasukumwa na upepo wowote. Lakini wale wanaofanya watu wa pwani wapige kelele wanabaki huko huko. Nenda Mida Creek huko pwani miezi hii utaona kundi la ndege weupe kwa weusi, mdomo mnene mweusi, kazi ni kula kaa, hao wanatoka pande za Uarabuni na huwezi kuwaona hapa ghuba ya Winam hata ukae mwaka. Mdomo wa mto Sabaki nao ndio wazimu kabisa, mchanga wote umejaa shakwe na membe mpaka hujui uanze na nani.

Nyar_Togo
Mimi nasuka mikeka hapo Dunga na pia natembeza watu kwenye mafunjo, na mtanisamehe lakini hii kelele ya osprei inaniuma kidogo. Osprei yuko dunia nzima, huyo hana shida. Kuna ndege wetu gonoleki wa mafunjo, kifua chekundu, utosi wa njano, mgongo mweusi na mstari mweupe kwa bawa, huyo haishi mahali pengine isipokuwa ndani ya mafunjo, ukitoa hili ziwa na vinamasi vya karibu umemaliza. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona sisi tunachoma mafunjo tulime sukuma. Mimi mwenyewe nakata, ndio kazi yangu, lakini kukata kunaota tena, kuchoma na kulima juu yake hakuoti. Nahodha ukibeba wateja wa osprei uwapitishe na kwa gonoleki, huwa wanaimba wawili wawili, mmoja anaita mwingine anajibu haraka mpaka unadhani ni mmoja.

Nahodha_Dunga
Asante sana wote. Nyar_Togo nimekusikia, nitapitia kwako tuongee vile tunaweza kufanya hiyo safari pamoja na bei tugawane.

Nax, leo asubuhi nimeenda tena. Alikuwa kwa nguzo ile ile, mguu wa kulia kuna kitu kinang'aa. Simu yangu nikivuta picha inakuwa ukungu tu na nikisogea zaidi anaruka.

Nax_Darubini
Weeee! Usimsogelee, utamchosha na atahama. Nina lenzi ndefu ya kuazima kwa rafiki, Ijumaa jioni nitashuka Kisumu. Tutoke saa ngapi?

Nahodha_Dunga
Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi uwe beach. Ikifika mchana upepo unaanza na gugu maji likisukumwa upande wetu mashua haitoki. Njoo na sweta, na mafuta ya injini tutachanga.

fundi_wa_simu_Kondele
na mimi nawekewa nafasi??