Krismasi hii nabaki Chake Chake: nitazame nini, nisome nini?

Korosho_Mbichi aliuliza:

Hodi wenyewe.

Mimi ni muuguzi, kwetu Masasi, kazi imenileta Pemba. Ratiba ya zamu imetoka na jina langu limekaa usiku wa tarehe 24 na tena mchana wa tarehe 26. Habari ya boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar, halafu basi la kusini, imeishia hapo. Krismasi nitaila hapa hapa Machomanne, mtaani kwangu Chake Chake.

Sijaja kulia. Naomba majina ya filamu na vitabu, ila nieleze kwanza hali ilivyo msije mkanitajia chochote tu.

Dada yangu kila asubuhi ananitumia ujumbe wenye maua: kuwa na mtazamo chanya, tabasamu, leo ni zawadi. Nampenda dada yangu. Lakini umetoka wodi ya wazazi alfajiri, miguu imevimba, halafu simu inakuamuru utabasamu! Sasa filamu na vitabu vya namna hiyo, vya kunihutubia, sivitaki. Nataka kitu kinichangamshe chenyewe bila kunishika shati.

Jambo jingine ni watazamaji. Nina kompyuta mpakato ya zamani, na mwenye nyumba wangu ana wajukuu ambao skuli zimefungwa (wamenifundisha kusema skuli). Nikiwa sina zamu, baada ya isha wanabisha hodi na jamvi lao. Bibi yao huja na kigoda, anasema amekuja kuwachunga watoto, lakini macho yake hayabanduki kwenye kioo. Filamu za Krismasi nilizonazo kwenye flashi zote ni moja: mwanamke wa mjini anarudi kwao kijijini, theluji inaanguka, anakutana na mwanamume anayeuza miti, wanagombana, wanapendana. Wakisogeleana tu, bibi anaanza kukohoa, na mimi naruka kubonyeza mbele. Mdogo wa mwisho akaniuliza mbona wale watu wanaingia ndani na hawavui makoti. Nimjibu nini? Huku kaskazi imeshaanza kuvuma na chumbani kwangu, chini ya bati, hata kanga ni nzito.

Filamu ya mahubiri pia sitaki kuwawekea watoto wa watu. Bibi ananiheshimu. Keshasema kuku wa sikukuu atachinja kijana wake, ili pilau nitakayopika tule sote sinia moja.

Basi naomba kitu cha kutazama na jamvi zima, na cha kusoma peke yangu nikitoka zamu, kwa Kiswahili, maana Kiingereza baada ya usiku wa kazi kinanipita sikioni tu. Na umeme ukikatika tufanye nini?

Karafuu_Kavu alijibu:

Karibu Pemba dada, hata kama ulishakaribia zamani.

Mie naanza na la mwisho. Umeme ukikatika, washa taa ya chaji umtoe Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, ndiye aliyemleta duniani. *Mzimu wa Watu wa Kale* ulishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ukatoka kitabu 1960, na mpaka leo sijaona anayetuandikia upelelezi kwa Kiswahili kitamu kama kile. Bwana Msa ana kiko chake mdomoni, ana rafiki yake Najum wa kumuuliza maswali ya kijinga badala yetu sie wasomaji, na hana haraka hata chembe. Watu wanazungumza, wanabishana, wanarushiana vijembe. Kwa hiyo kinafaa kusomwa kwa sauti kuliko riwaya nyingi za siku hizi ambazo mtu anakaa ukurasa mzima anafikiri peke yake.

Nakupa namna tunavyofanya nyumbani kwetu. Soma sura moja kwa usiku, na usiimalize. Funga kitabu pale pale wanapokaribia kujua, halafu kila mtoto amtaje anayemshuku na aseme kwa nini. Asiyetoa sababu, kura yake haihesabiwi. Mtaona bibi anavyogeuka hakimu.

Halafu kipo *Kisima cha Giningi*, cha 1968. Sasa hicho uwe na hadhari. Giningi ni mji wa wachawi, na katika hadithi za watu uko huku huku kwetu Pemba. Ukilitaja jina tu mbele ya bibi, usiku huo husomi tena, atasimulia yeye, na watoto watakuja kulala kwako.

Pita maktaba ya hapo Chake mapema kabla hawajafunga kwa sikukuu.

Binti_Michenzani alijibu:

Shoga, habari ya theluji nina jibu la huyo mdogo wako! Mwambie ile si theluji, na wale watu wanaungua kwa joto kuliko yeye.

Filamu ya Kimarekani ambayo wenzetu wanaitazama karibu kila Krismasi ni *It's a Wonderful Life*, ya Frank Capra, ya 1946. Ilipigwa California, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika wakati wa joto. Zamani theluji ya sinema ilikuwa ni vipande vya mahindi vya kifungua kinywa vilivyopakwa rangi nyeupe, vikikanyagwa vinalia kwacha kwacha mpaka maneno ya waigizaji hayasikiki. Capra akataka theluji kimya. Mafundi wakachanganya povu la kuzimia moto na sabuni na maji, wakalirusha kwa upepo. Ukimtazama mhusika mkuu vizuri anapokimbia kwenye ile theluji, utaona jasho linamtoka. Mtu wa Chake atamwelewa kabisa.

Lakini hiyo usiwawekee watoto, itazame wewe. Ni habari ya mtu aliyekwama katika mji mdogo, ndugu wameondoka, yeye kabaki kwa ajili ya wengine, na mkesha wa Krismasi anasimama darajani anataka kujiua. Hakuna anayemwambia atabasamu. Anaonyeshwa tu mji ule ungekuwaje kama yeye hakuzaliwa. Nakutajia kwa sababu ya kazi yako, nadhani umenielewa. Cha kuchekesha, ilipotoka haikurudisha fedha. Katika miaka ya 1970 haki zake hazikuhuishwa kwa wakati, vituo vya televisheni vya Marekani vikawa vinaionyesha bure kila Disemba, ndipo watu wakaipenda.

Kwa jamvi zima nakuchagulia filamu ya Charlie Chaplin, *The Gold Rush*. Haina haja ya lugha. Mtu mdogo mwenye fimbo na kofia kaenda kutafuta dhahabu kwenye barafu, njaa imemshika mpaka anachemsha kiatu chake anakila, na kamba za kiatu anazizungushia uma kama tambi. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, waambie wasije wakajaribu ndara za baba yao.) Muhimu kwa bibi yenu: iko ya 1925 na iko ya 1942. Katika ile ya 1942 Chaplin mwenyewe aliliondoa busu la mwisho. Chukua hiyo! Ina sauti yake akisimulia kwa Kiingereza, zima sauti, mpe bibi asimulie.

Nimewahi kujitolea Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, na nakuhakikishia filamu bubu ndizo zinazowakalisha watoto kitako. Filamu za maneno mengi wanazikimbia kwenda kununua urojo.

Ukishawalaza, itafute *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin kamkimbia mume mzee, kakutana na Denge anayepigania uhuru. Utauona Mji Mkongwe mpaka utamani kupanda boti. Mbele ya bibi usiithubutu, atapasua kifua kwa kikohozi.

Sina_Raha alijibu:

Mnamjazia kazi mtu aliyechoka. Dada, tarehe 25 lala. Mtazamo chanya utakukuta umeamka.

Mzee_wa_Mkunazini alijibu:

Mwanangu Korosho, umesema Masasi, na mimi nakaa karibu na kanisa la Mkunazini, kwa hiyo sisi tuna udugu. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi wa kanisa hili ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka hapa Unguja mwaka 1876, wakaweka maskani Masasi. Huenda wazee wenu wanakusimulia. Jiwe la msingi hapa, mahali palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi 1873, na ibada ya kwanza ilisaliwa Krismasi ya 1877, jengo bado halijamalizika. Krismasi yenye vumbi la chokaa na mbao za mafundi! Kwa hiyo wewe kula yako Machomanne wala usijione umepotea njia.

Lakini ulitaka vitabu. Steere huyo huyo, kabla hajawa askofu, alikaa na watu wa Unguja wakamsimulia hadithi, akaziandika kwa Kiswahili chao na tafsiri ya Kiingereza pembeni, zikachapwa London mwaka 1870. Kitabu kinaitwa *Swahili Tales*. Haki zake zimekwisha zamani, kwenye intaneti unakipata bure, na simu yako itakibeba. Tahajia ni ya kale, utasitasita kurasa za mwanzo, kisha utaizoea. Msome *Punda wa Dobi*, ambamo kima anamwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa cha Sultani Darai na paa wake kiache mpaka watoto wawe wameshiba, kinaliza.

Ukisoma kidogo, mwulize bibi yao yeye aliisikiaje. Nina hakika atakwambia Mzungu kaikosea.

Kuhusu Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, najua mtu atakuja kumtaja kwa sababu ya Nobel ya Fasihi ya 2021. Riwaya yake *Peponi*, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ni Kiswahili safi na kinafaa kila nyumba. Lakini mtoto Yusuf anatolewa kwao kwa ajili ya deni la baba yake. Usikisome ukiwa mbali na mama yako katika wiki ya Krismasi. Kisubiri Januari.

Korosho_Mbichi alijibu:

Jamani, ahsanteni. Sina_Raha, wewe nimekusikia kuliko wote, na tarehe 25 mchana kweli nitalala. Pilau itapikwa jioni.

Chaplin nimempata, ya 1942. Tumejaribu dakika chache tu za mwanzo kuona kama inakubali. Bibi kaanza kusimulia kabla sijazima sauti. Kwa maelezo yake yule mtu ni Mngazija aliyedanganywa na ndugu zake kuhusu urithi, na dubu anayemfuata nyuma ni mjomba wake. Watoto wameafiki. Mdogo nikamwambia habari ya povu la kuzimia moto, akauliza kama hospitali tunalo, na kama naweza kuja nalo.

Ile ya Capra nitaitazama peke yangu tarehe 27. Binti_Michenzani, nimekuelewa.

Mzee wangu wa Mkunazini, shikamoo. Babu yangu alikuwa akiimba kwaya, na jina la Steere alikuwa akilitamka "Stia", nilidhani ni jina la mlima. Kitabu nimekipakua. "Moyo nimeuacha mtini" nimemtumia dada yangu leo asubuhi badala ya kujibu maua. Amepiga simu mwenyewe, tumeongea mpaka salio likaisha.

Bwana Msa maktaba nimekosa, kimeazimwa. Karafuu_Kavu, kwenu mna nakala ya kuniazima? Nitarudisha kikiwa kizima.

Karafuu_Kavu alijibu:

Ninacho *Mzimu*, jalada halipo na ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa, lakini mauaji yote yamo. Kesho asubuhi nampa dereva wa daladala ya 606 wa kutoka Wete, mngoje stendi. Umwambie unafuata mzigo wa Bwana Msa, atakupa. Naye anasubiri zamu yake ya kukisoma, kwa hiyo usikae nacho sana.