Gari limejifunga, injini inawaka na ufunguo uko ndani. Nishaurini, niko Moshi

MamaWawili
Habari za asubuhi wakuu. Niko Soweto, Moshi, nje ya geti la nyumbani. Nilishuka kufungua geti, upepo ukaubamiza mlango, nikasikia loki zote zinalia kwa pamoja. Gari ni Toyota IST, ufunguo uko kwenye swichi, injini inaunguruma, gia iko P na hendibreki imevutwa. Namshukuru Mungu simu ninayo na watoto wameshaenda shule.

Ufunguo wa akiba anao baba watoto, naye yuko Dar. Jirani ameniletea kijana anayetaka kuvunja kile kioo kidogo cha nyuma, anasema ndicho cha bei rahisi. Mwenzake anataka kuchomeka rula ya chuma chini ya kioo cha dereva. Naona mafuta yanateketea tu. Naombeni ushauri kabla sijamruhusu mtu kugusa.

Mzee wa Rau
Pole sana mwanangu. Mafuta yasikupe presha, injini ndogo kama hiyo ikisimama bila mwendo kwa kawaida haili hata lita moja kwa saa. Kama taa ya mafuta ilikuwa haijawaka, muda unao. Ila usiondoke hapo hata kwenda kunywa maji. Gari linalowaka likishafunguka, yeyote aliye karibu anaweza kupanda akaondoka nalo.

Kishumundu
Dada, kioo kidogo USIVUNJE. Watu wanaona udogo wake wanadhani ni rahisi, kumbe kile kimegandishwa kwa gundi, na kukipata cha gari lako hasa ni kazi. Shemeji yangu alivunjiwa, akazunguka maduka ya spea mjini akakosa, ikabidi kiagizwe Dar. Muda wote huo alifunika kwa nailoni na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Ikifika mahali hakuna namna kabisa, afadhali kioo kikubwa cha mlango, kile kinachopanda na kushuka. Vya mtumba vipo vingi.

Fundi wa Majengo
Shikamoo mzee wa Rau. Dada, huyo wa rula naye mzuie. Hiyo ilikuwa ya magari ya zamani. Humo ndani ya mlango wako zinapita nyaya za loki na za kioo, rula ikizinasa unakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Sasa sikiliza, una bahati moja ambayo hujaiona. Injini inawaka, maana yake swichi za vioo zina umeme. Tafuta fundi mwenye kile kimfuko cha kujaza hewa. Wengine tunatumia hata mpira wa kupimia presha wa hospitali. Kinaingizwa kikiwa hakina upepo juu ya mlango wa abiria wa mbele, pale pembeni, kisha kinajazwa taratibu mpaka upenyo utoshe kidole. Asitumie bisibisi peke yake, itabonyeza bati na kukwangua rangi, halafu kila mvua maji yatakuwa yanaingia. Akishapata upenyo apitishe waya mrefu mgumu uliovishwa mpira nchani, avuke nao hadi mlango wa dereva, abonyeze swichi ya kioo. Kioo kikishuka, unaingiza mkono unafungua.

Na fundi makini atakuuliza kadi ya gari. Asipouliza chochote kuhusu mwenye gari, mimi ningemtilia shaka.

Nuru_Arusha
Naongezea kwa wanaosoma, maana hapa Arusha nilishuhudia mtoto amefungiwa ndani juani karibu na soko la Kilombero, watu wazima wakabishana bei ya kioo. Akiwemo mtoto ndani, mambo ya waya na kusubiri fundi hayapo. Piga 114, zimamoto na uokoaji, na ukiona mtoto amelegea vunja hapo hapo kioo kilicho mbali naye. Moshi kuna joto kuliko huku kwetu, gari lililofungwa linachemka upesi mno.

MamaWawili
MREJESHO: Limefunguka! Kijana wa rula nilimwomba akae pembeni. Fundi amekuja na mpira wa presha kweli, wenye pampu yake. Waya uliteleza mara kadhaa kwenye kitambaa cha mlango, nikawa nasimama upande wa dereva namwelekeza kupitia kioo, "juu kidogo, rudi kulia", mpaka kioo kikashuka. Rangi haijaguswa. Kadi aliiuliza, nikampa aione baada ya kufungua kwa kuwa ilikuwa kwenye dashibodi. Mbarikiwe sana.

Swali la mwisho kwa fundi: kwa nini lilijifunga lenyewe? Naogopa litarudia.

Fundi wa Majengo
Hongera dada. Mara nyingi ni kitasa cha mlango wa dereva kimekauka au kimelegea. Mlango ukibamizwa, kile kidude cha loki kinaruka kwenye kufunga, na milango mingine inaufuata wa dereva. Wakati mwingine ni waya uliokatika ndani ya ile raba inayounganisha mlango na bodi. Fundi umeme afungue mlango akague vyote viwili, na kitasa kipakwe grisi. Mpaka hapo, ukishuka kufungua geti, teremsha kwanza kioo cha dereva. Na baba watoto akirudi, ufunguo wa akiba ubaki Moshi.