Moshi wa kuua mbu umepita mtaani na dengue bado ipo, tunakosea wapi?

Mpangaji_Kino: Wakuu habari za humu. Naomba kueleweshwa jamani. Huku kwetu Kinondoni masika yakichanganya tu watu wanaanza kulala na homa, viungo vinauma, macho yanauma kwa nyuma, ukipima malaria hamna. 2014 hii homa ya dengue ilitupiga, 2019 ikarudi kwa nguvu wagonjwa wakapita 6,000 nchi nzima na wengi walikuwa hapa hapa Dar. Chandarua tunalala, moshi umepulizwa, siku chache mbele mbu wale wale. Shida ni dawa au ni nini?

Nesi_wa_Zamu: Mkuu chandarua endelea nacho kwa ajili ya malaria ila huyu mbu anayeeneza dengue, anaitwa Aedes, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, wewe uko kibarazani unamenya vitunguu yeye yuko miguuni. Na moshi unaua wale wanaoruka saa hiyo tu, viluwiluwi kwenye pipa haviguswi, baada ya wiki moja hivi wanatoka mbu wapya.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, mtu akishikwa na homa anakimbilia duka la dawa anapewa mseto wa malaria bila kipimo na diklofenaki ya maumivu juu kwa ajili ya viungo. Jamani dengue inaweza kushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ukinywa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini unajiongezea hatari ya kutoka damu. Kunywa panadol kwa kipimo chake na maji mengi, uende kituoni. Na homa ikishuka usishangilie haraka, hapo ndipo wengine hubadilika, ukiona tumbo linauma sana, unatapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, usisubiri kesho. Aliyewahi kuugua awe makini zaidi maana virusi viko aina 4, ukipata aina nyingine mara ya pili inaweza kuja kali kuliko ya kwanza.

Baba_Ndoo: Nesi umesema kweli ila tuseme na la maji. Kila mwaka tunaambiwa mwaga maji yaliyotuama, sasa maji ya bomba yanatoka kwa mgao, nimwage pipa nililolijaza usiku wa manane watoto waoge nini? Mtu hawezi kumwaga maji aliyoyahangaikia. Mpaka maji yatoke kila siku mapipa yatakuwepo, huo ndio ukweli.

Nesi_wa_Zamu: Usimwage Baba, funika, mfuniko ubane au funga kitambaa kizito. Na maji yakiisha sugua kuta za pipa kwa brashi kabla hujajaza tena, mayai yanaganda pale kwenye ukuta na yanakaa makavu hata miezi, ukitia maji tu yanaanguliwa. Ndio maana kiangazi chote tunadhani yameisha.

Pwani_Mombasa: Hata huku kwetu Mombasa ni vivyo hivyo, mwaka 2013 tuliugua watu wengi, maji twanunua ya mkokoteni twaweka kwa mitungi na mapipa uani. Tairi kuukuu na vifuu vya nazi pia msisahau, maji kidogo tu yatosha mbu kutaga.

Mpangaji_Kino: Asanteni sana, la kusugua pipa sikuwahi kulisikia. Sasa mimi nikifunika yangu na jirani ana gereji tairi zimejaa maji si kazi bure? Na zile dawa za viluwiluwi za kiwanda cha Kibaha mbona hatuzioni mtaani?

Baba_Ndoo: Zile nzuri, ni bakteria wanaoua viluwiluwi, ila halmashauri inabidi inunue na iwe na watu wa kupita kila baada ya muda, ukiweka mara moja ukaacha hamna kitu. Mimi naona muanze na mjumbe wenu, mwende pamoja kwa bwana afya wa kata, mkiwa wengi hawezi kuwapuuza, na huyo wa gereji aambiwe azipange chini ya bati au azitoboe. Mfanye sasa kabla masika hayajafika katikati.

Mpangaji_Kino: Sawa mkuu, mjumbe anakaa nyumba ya tatu, jioni hii naenda kumuona.