Mdogo wangu ameombwa atoe ushuhuda wa kubakwa kwake mbele ya kanisa: nimsimamie vipi?

Dada Mkubwa (Morogoro)

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo hapa nyumbani sina wa kulizungumza naye. Mwenyewe ameniruhusu niandike, na nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike, kwa hiyo naomba mtu yeyote asijaribu kukisia ni nani.

Mdogo wangu wa kike, ambaye sasa ni mtu mzima na ana kazi yake, alibakwa na ndugu wa karibu wa baba alipokuwa shule ya msingi, na miaka yote hiyo alikaa na jambo hilo peke yake. Aliniambia mwaka jana tukiwa tunachambua mchele wa msiba wa jirani. Hakuinua macho, mikono iliendelea kupepeta, akayasema kwa sentensi mbili tu, kisha akauliza kama chumvi imeshanunuliwa. Nilimjibu kwamba ninamwamini na kwamba hakuwa na kosa lolote, na tangu hapo amekuwa akinieleza mengine kidogo kidogo, kwa wakati wake.

Mama alipojua alilia sana, lakini msimamo wake ni wa funika kombe mwanaharamu apite. Anasema yule mtu ni mzee sasa, ukoo utagawanyika, na hakuna mwanamume atakayemposa binti ambaye habari zake ziko midomoni mwa watu. Upande wa pili yuko mama mchungaji wetu, ambaye mdogo wangu alimfungulia moyo. Alimpokea kwa upendo wa kweli na kumwombea, na sasa amemwomba asimame katika kongamano la wanawake atoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyomponya, ili na wengine waliofungwa na siri kama hiyo wafunguliwe. Mdogo wangu hajakubali wala hajakataa. Lakini tangu aombwe, ndoto mbaya zimemrudia, na wakati wa kula anakaa tena karibu na mlango kama alivyokuwa akifanya zamani.

Ninaamini ukimya umemtesa, kwa hiyo siwezi kusimama upande wa mama. Hata hivyo sina hakika kwamba kipaza sauti ndicho kitakachomponya. Je, nimtie moyo akubali, au nimzuie? Na kisheria, kuna lolote linaloweza kufanyika baada ya miaka yote hii?

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, miaka yangu ya mwisho kazini niliitumia katika kituo cha mkono kwa mkono, pale ambapo mtu aliyefanyiwa ukatili anawapata daktari, mnasihi, afisa ustawi wa jamii na polisi mahali pamoja badala ya kutumwa ofisi hadi ofisi na kuulizwa maswali yale yale na kila anayekutana naye. Nianze kwa kusema kwamba ulivyompokea ndivyo inavyotakiwa. Wengi husema wakiwa na kazi mikononi, wanaosha vyombo, wanasuka nywele, wanatembea kwenda sokoni, kwa sababu hapo hawalazimiki kuutazama uso wa anayewasikiliza. Ukimkalisha mtu kitini, ukafunga mlango na kumwambia aeleze yote tangu mwanzo, unaweza kumfunga kabisa hata kama nia yako ni njema. Usimwulize ilikuwaje, wala kwa nini hakupiga kelele. Mwili wa mtu aliyeshikwa na hofu kubwa mara nyingi huganda, sauti ikakataa kutoka, na mtoto ndiyo kabisa. Wapo watu wazima niliowahudumia ambao walijichukia nusu ya maisha yao kwa sababu ya kuganda huko, ilhali hawakuuchagua.

Kuhusu ushuhuda, usimtie moyo na usimzuie. Mwulize yeye anataka nini, kisha unyamaze umsubiri. Aliyebakwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, na sasa watu wawili wanaompenda, mmoja akimtaka anyamaze na mwingine akimtaka aseme, wanauamulia ulimi wake. Akikubali, ajue kwamba anaweza kughairi hata asubuhi ya siku yenyewe bila kumwomba mtu radhi. Akikataa, asidhaniwe kuwa imani yake ni haba.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hilo neno "alivyomponya", kwa maana ya jambo lililokwisha. Mimi ni Mkristo na ninaamini Mungu anaponya. Lakini jeraha la namna hii haliendi mbele moja kwa moja: mtu hukaa miezi mingi akilala vizuri, kisha harufu ya sabuni fulani, sauti ya bawaba ya mlango, au mwaliko wa arusi ambako yule mtu atakuwepo, vikamrudisha nyuma. Binti akisimama mbele ya watu mia akatangaza kwamba amepona, kisha juma linalofuata akaamka usiku akilia, atawaza nini? Atawaza kwamba amelidanganya kanisa, au kwamba muujiza ulimpita. Niliwahi kuwapokea waliokuja wakiwa na mzigo huo juu ya mzigo wa kwanza, na huu wa pili ndio walioona haya zaidi kuutaja. Kama atasema, basi aruhusiwe kusema kwamba bado anapona.

Kabla ya lolote, mpeleke kwa mnasihi katika hospitali ya mkoa, au mwulize afisa ustawi wa jamii wa wilaya akuelekeze. Kurudi kwa ndoto hizo hakumaanishi kwamba ameharibikiwa. Ni dalili kwamba ameguswa penye kidonda, na zipo njia za kumsaidia.

Nitoke kidogo nje ya swali kwa ajili ya anayesoma hapa ambaye kwake jambo hili ni la jana au leo. Nenda hospitali kwanza, hata kama huna PF3 mkononi, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi siku ya 5, ingawa kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Ukiweza, usioge kabla ya kupimwa, na nguo zile ziweke katika mfuko wa karatasi. Kama ulikwisha kuoga, nenda vilevile, hakuna atakayekukatalia matibabu kwa hilo.

Wakili wa Mkoani

Dada, nijibu la sheria. Tanzania haina muda wa ukomo kwa kosa la kubaka, kwa hiyo miaka kupita hakumfungii mdogo wako mlango. Tangu marekebisho ya Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1998, adhabu ya kubaka mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Ushahidi wa aliyetendewa, hata ukiwa peke yake, unatosha kumtia mtu hatiani kama mahakama itaridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba katika makosa haya ushahidi ulio bora hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Pamoja na hayo nitakuwa mkweli: kesi ya zamani isiyo na taarifa ya daktari ni ngumu, kuchelewa kutoa taarifa kutaulizwa na kutahitaji maelezo, na mdogo wako atahojiwa na upande wa utetezi. Aingie akijua hivyo. Hatua ya kwanza, akitaka, ni Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na anayo haki ya kuomba azungumze na askari wa kike.

Akisimama kanisani, asitaje jina la mtu wala maelezo yatakayomtambulisha mhusika. Hata asiposhtakiwa kwa kashfa, wakili wa upande wa pili anaweza baadaye kuyachukua maneno ya ushuhuda na kuyapambanisha na maelezo ya polisi, akitafuta tofauti hata pale ambapo ni tofauti ya kawaida ya kumbukumbu.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza na ambalo mimi naliona zito kuliko yote uliyoyaandika. Je, huyo mzee anaishi na watoto? Ana wajukuu wanaolala kwake wakati wa likizo? Kama jibu ni ndiyo, ukimya wa ukoo unawahusu watoto ambao hawajui lolote, na hapo hatusubiri mdogo wako awe tayari. Wewe mwenyewe unaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, au kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo hailipiwi. Jukumu hilo libebe wewe na watu wazima wengine. Msimwambie yeye kwamba watoto wengine wakiumizwa itakuwa ni kwa sababu alinyamaza. Na kikao cha ukoo kikimtoza mzee huyo faini, ng'ombe au pesa, jinai haijafutika.

Msaidizi wa Bukavu

Dada, nawasalimu kutoka Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo. Huku vita vimetufundisha mengi tusiyotamani kuyajua. Katika hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999 na ambayo ilijulikana zaidi duniani alipopewa tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad mwaka 2018, mama anayekuja hatibiwi mwili peke yake. Anasaidiwa pia moyoni, katika mambo ya sheria, na katika kupata kazi ya kumlisha atakaporudi kijijini. Nalitaja hili kwa sababu nyinyi mnajadili maneno tu, aseme au asiseme, na sisi tumeona kwamba mama mwenye duka lake dogo na mahali pa kulala bila hofu huzungumza kwa namna nyingine kabisa.

Katika vijiji vya Kivu zote mbili ulifanyika pia utafiti, matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono waliwekwa katika vikundi vidogo vya tiba, vilivyoongozwa na wasaidizi wa kijamii wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo, si madaktari wa akili. Hofu, huzuni na dalili za kiwewe zilipungua sana kuliko kwa wale waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja peke yake. Yalikuwa mazungumzo ya wazi kweli, lakini yalikuwa ndani ya duara la watu wachache wanaojuana, wanaokutana juma kwa juma, na siri ya duara haikutoka. Kazi kubwa ilikuwa kuyachunguza mawazo kama "mimi ndiye niliyejitakia" au "sina thamani tena", na kuyapima kama ni ya kweli.

Kwa hiyo mwambie mama mchungaji: kama shabaha ni kuwafungua wengine, aanze na duara la namna hiyo. Siku ya kongamano, kwa kila ushuhuda mmoja watakuwepo vitini wanawake wengi ambao wataguswa palepale kwenye kidonda chao. Ni nani atakayewapokea wakitoka nje wanalia? Kama hajaandaliwa mtu, kongamano lenyewe halijawa tayari, hata kama mdogo wako yuko tayari.

Kaka wa Pwani

Mimi ni mwanamume, ninaishi Mombasa, na yalinipata nikiwa mtoto. Utafiti wa kitaifa uliofanyika huko kwenu Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, kwa hiyo katika kongamano lolote, hata la wanaume, tumo.

Nilisimama nikazungumza katika mkutano wa vijana. Mtu mmoja alinirekodi kwa simu, na kabla sijafika nyumbani sauti yangu ilikuwa imezunguka katika makundi ya WhatsApp ambayo shangazi zangu wamo. Rafiki yangu ndiye aliyeniokoa siku hiyo: alinitoa ukumbini, akakaa nami kwenye ukuta wa bahari bila kuniuliza kitu mpaka adhana ya magharibi. Baadaye nilizungumza tena kwa masharti yangu, simu zikiwa zimekusanywa mlangoni na bila maswali mwishoni, na mara hiyo nililala vyema kuliko nilivyowahi kulala. Kwa hiyo sisemi asizungumze. Nasema ayaweke masharti yeye, na wewe uwe mtu wa kumtoa ukumbini.

Dada Mkubwa (Morogoro)

Mama muuguzi, shikamoo, na nyote asanteni. Nimeyasoma pamoja naye. Alipofika pale pa kuwa aruhusiwe kusema bado anapona, alisoma mara mbili. Amesema atamwambia mama mchungaji kwamba kwa sasa hapana, lakini duara la wanawake wachache angelipenda. Kuhusu polisi bado anafikiri. Suala la watoto limenishtua, kwa sababu wajukuu wapo, na Jumatatu nakwenda ustawi wa jamii mimi mwenyewe. Kilichobaki ni mama. Kila nikianza analia na kusema tunataka kumuua.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mama yako naye ameumia, na nadhani kila usiku anajiuliza alikuwa wapi siku ile. Anapotetea heshima ya ukoo, mara nyingi anajitetea mwenyewe mbele ya swali hilo, kwa hiyo usianze naye kwa lawama, na usimwombe akubali yote kwa mara moja. Mwombe jambo moja analoliweza: yule mtu asialikwe tena nyumbani mnapokuwepo, na wageni wakiuliza sababu, mama ajibu kwamba ndivyo alivyoamua. Akiliweza hilo, mdogo wako ataona kwamba mama amechagua kusimama naye, hata kabla mama hajapata maneno ya kumwambia. Na yeye pia mtafutie wa kuzungumza naye. Mnasihi wa hospitali huwapokea hata wazazi.