Herufi З yenye mkia (ҙ) inatoka kisanduku kwenye kadi, naomba msaada

Binti_wa_Ufa:

Shikamooni wakubwa, na rika langu mambo vipi.

Nipo Ufa, Urusi, nasomea udaktari. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa Kibashkiri, yaani wenyeji wa jimbo hili la Bashkortostan, wenye lugha yao. Nyumbani kwake kila mtu anamwita өләсәй, yaani bibi, na mimi nimejiunga humo humo. Karibuni anatimiza miaka 70, nataka kumpa kadi iliyochapwa ikapendeza, mbele iandikwe Ҡәҙерле өләсәй! Yaani Bibi mpendwa.

Duka moja la uchapaji limenitolea sampuli. ә na ө zimetoka safi kabisa. Ҡ imekuwa kisanduku, ҙ nayo kisanduku. Kijana wa kaunta akasema niweke К na З za kawaida, eti watu wote wataelewa.

Sasa wakubwa, hii ҙ ni herufi gani? Mwaka wa maandalizi tulifundishwa Kirusi, haikuwemo. Na nikiweka З tu nitakuwa nimemkosea bibi wa watu, au nahangaika bure?

Mzee_wa_Raskazone:

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha baridi ya Ufa, nami nilisomea mafuta huko kabla sijarudi zangu Tanga.

Usimsikilize kijana wa kaunta. Hiyo haikuwemo kwenye Kirusi kwa sababu si ya Kirusi. Wabashkiri walichukua herufi zote 33 za Kirusi wakaongeza tisa zao: Ғ, Ҙ, Ҡ, Ң, Ө, Ҫ, Ү, Һ na Ә. Jumla 42. Ndiyo maana ә na ө zilitoka vizuri: Watatari na Wakazaki wanazo pia, na ni watu wengi, kwa hiyo watengeneza fonti wengi wanazikumbuka. Ҡ na ҙ ni za Wabashkiri zaidi, basi zinasahauliwa.

Sauti ya ҙ unayo mdomoni tangu utotoni. Ni dh ya dhahabu. Mwenzake ҫ ni th ya thelathini. Warusi sauti hizi hawana, na wenzangu darasani waliumwa ulimi kuzitamka, mimi mtoto wa Tanga nikazitoa siku ya kwanza. Mwalimu akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu dhali na the. Akacheka, akasema Wabashkiri nao waliandika kwa herufi za Kiarabu, na kwenye alfabeti yao ya miaka ya 1920 sauti hizi ziliandikwa kwa ذ na ث zile zile. Baadaye wakahamishiwa herufi za Kilatini, na kufika 1940 wakahamishiwa hizi za Kirusi. Mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 aliweza kujifunza kuandika jina lake mara tatu, na kila mara lugha ni ile ile.

Sasa fungua kamusi ya Kibashkiri uone kituko. Kwa sura ҙ ni З iliyoota mkia, ungeitafuta baada ya З. Haipo! Imekaa baada ya Д. Nilihangaika sana kutafuta ҙур (kubwa) baada ya З, kumbe ipo kule mbele. Na ukifika hapo utakuta maneno yanayoanza nayo ni machache mno. Yenyewe hupenda katikati na mwisho: ҡыҙ msichana, күҙ jicho, тоҙ chumvi, беҙ sisi, һигеҙ nane, туғыҙ tisa. Milima ni тауҙар. Na pale mlangoni pa maduka panapoandikwa Рәхим итегеҙ, karibuni, iangalie imekaa mwisho. Kila ukimsemesha mtu kwa heshima, ile -геҙ inakuja nayo.

З ya kawaida wanayo vilevile, kwa mfano зәңгәр, rangi ya buluu. Kwa hiyo si herufi moja yenye pambo. Kwenye ujumbe wa simu vijana wanaandika з popote, wanaelewana. Lakini ukiandika зур badala ya ҙур umeshaandika Kitatari, na kuna wazee wasiopenda hilo hata kidogo. Kadi ya miaka 70 si ujumbe wa simu. Weka ҙ.

ngosha_mwz:

Mzee, sisi tunaosema zahabu na zambi tukienda Ufa tutapona kweli? 😂

Mzee_wa_Raskazone:

@ngosha_mwz Mtaonekana Warusi weusi. Ila hata kwa Kirusi ҙ haina mwenzake mmoja: mto unaopita Ufa kwa Kibashkiri ni Ағиҙел, na Warusi wakitumia jina hilo huliandika Агидель kwa D. Mji wa Kazan kwa Kibashkiri ni Ҡаҙан, kwa Kirusi ni Казань kwa Z. Herufi moja ya Kibashkiri, kwa Kirusi imetoka mara mbili tofauti.

Fundi_Mabango_Msa:

Dada, herufi mmeshamaliza, tuje kwenye kadi. Kisanduku maana yake fonti aliyochagua haina umbo la herufi hiyo. Faili lako halina kosa. Jaribu fonti nyingine, Noto Serif kwa mfano, inazo zote.

Lakini kwanza hakikisha umeandika herufi yenyewe. Weka kibodi ya Kibashkiri kwenye simu, Gboard (kibodi ya Google) inayo, na Windows inayo pia (herufi za ziada zimepangwa safu ya juu, penye tarakimu). Kwenye Unicode, yaani orodha ya namba za herufi zote za kompyuta, ҙ ndogo ni 0499, kubwa ni 0498. Ukiwa na neno lenye ҫ uwe macho zaidi: ç ya Kifaransa na Kituruki inafanana nayo kabisa kwa macho, lakini kwa kompyuta ni kitu kingine. Ukibadilisha fonti moja inabadilika, nyingine inabaki na sura yake, kadi inaonekana imetiwa kiraka.

Halafu usipeleke faili la Word dukani. Peleka PDF iliyopachikwa fonti, au geuza maandishi yawe michoro kabisa. Hapo kompyuta yao iwe na fonti isiwe nayo, hawana la kuharibu.

Binti_wa_Ufa:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimebadilisha fonti, Ҡ na ҙ zote zimetoka. Nimemwonyesha binti yake bibi kwa siri, kaidhinisha, ila kaniongezea mstari wa pili wa pongezi.

Tatizo jipya: mkia wa ҙ unagusa maandishi ya mstari huo wa chini. Kijana wa kaunta anasema anaweza kuufupisha kidogo kwa mkono.

Fundi_Mabango_Msa:

Asiuguse. Akiufupisha itasomeka З na mtakuwa mmerudi kule kule. Mwambie aongeze nafasi kati ya mistari, ni kazi ya sekunde.

Mzee_wa_Raskazone:

Na bibi akikuletea asali, usikatae. Ya Bashkortostan sijaona mfano wake.