Nilisaini soda, nikaambiwa jamii imeshasaini

MtaroWaKwetu:
Ndugu wanajukwaa, nimetoka katika mkutano wa ubia sasa hivi, matope ya Mathare yangali kwenye viatu vyangu, na nikikosea herufi mjue ni mikono inayotetemeka kwa hasira wala si mashimo ya barabara. Yule bwana mnamjua. Ni yule asiyeweza hata kuomba maji ya kunywa bila kuwataja "wadau".

Kikundi chetu kilikuwa kikizibua mitaro kwa mabeleshi yetu wenyewe tangu kabla ya mafuriko ya Aprili 2024, na maji yalipotuvamia usiku ni sisi tuliowabeba wazee mgongoni, huku wabia wetu wakituma salamu za pole. Leo tukaalikwa kujadili mpango wa mitaro. Mlangoni tulipewa karatasi ya mahudhurio, tukaandika majina na nambari za simu, kisha tukapewa soda moja moja, ya moto kama uji. Mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuchapishwa kwa rangi, na mtaro mkuu ulichorwa ukipanda mlima. Nikainua mkono. Nikasema, kwa adabu zote nilizofunzwa na nyanya yangu, kwamba maji ya kwetu yana desturi ya kuteremka. Yule bwana hakunitazama hata usoni, alimgeukia mwenzake akasema, "Jamii imeshasaini, tuendelee."

Jamii imeshasaini! Nilisaini nini mimi? Nilisaini soda! Kifungu cha 174 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya jamii kusimamia mambo yake yenyewe. Labda kuna aya ya siri inayosema haki hiyo hukoma kizibo kikishafunguliwa. Nimewahi kutukanwa na makanga, na wenye nyumba, hata na kasuku mmoja kule Eastleigh, lakini hakuna tusi lililonichoma kama hilo, kwa sababu lilisemwa kwa upole, kama mtu anayefunga dirisha. "Jamii imeshasaini." Halafu tukaombwa tubaki tupange viti.

Kibanda_Namba9:
Pole sana dada, lakini jambo la msingi hujalieleza: soda uliimaliza au uliirudisha?

MtaroWaKwetu:
Niliimaliza. Nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka Huruma.

Kibanda_Namba9:
Basi jamii imeshasaini, tuendelee.

MzeeWaBeleshi:
Msimcheke. Mukuru, mtaa wa mabanda hapa hapa Nairobi, ilipotangazwa kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi ya kazi, nao wakazi wakaketi kujadili maji, mitaro na nyumba zao mpango ukiwa bado unaandikwa. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Ila nanyi mna kosa: mnaingiaje mkutanoni kabla ya kudai nakala ya mpango?

Mama_Miche:
Afadhali nyinyi mlipata soda. Sisi wabia wetu walituletea miche, wakatupiga picha tukiwa tumeshika bango lao, wakaondoka kabla hatujanawa mikono. Hakuna aliyeuliza maji ya kumwagilia yatatoka wapi. Kufikia Ijumaa mbuzi walikuwa wamemaliza mradi mzima, na ripoti bado inasema kijiji chetu kina msitu.

MwekaHazinaMstaafu:
Hayo ni madogo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, nasi tulikuwa 10 kamili, hadi wabia walipomchukua mwenyekiti wetu, mtu wa miaka 52 mwenye wajukuu, wakamfanya mwakilishi wa vijana katika kamati yao. Sasa hapokei simu zetu.

Kibanda_Namba9:
Huyo nimemwona. Hata kofia ameanza kuivaa kinyumenyume.

MtaroWaKwetu:
Ndugu zangu, tunaweza kurudi kwenye mtaro unaopanda mlima? Mimi bado nasikia ile sauti: "Jamii imeshasaini."

Kibanda_Namba9:
Subiri kidogo, dada. Mama_Miche, mbuzi wenyewe ni wa nani?

Mama_Miche:
Muulizeni huyo mzee wa beleshi. Ndiyo maana amenyamaza.

MzeeWaBeleshi:
Sijanyamaza. Miche hiyo ilipandwa katikati ya njia ya mbuzi wangu, na hakuna mbia hata mmoja aliyewashirikisha wafugaji.